Mpakato

Niliingia dukani na mizani ya kupimia wanakondoo,
ile ya springi, ndoano yake bado ina sufu.
Yerko, muuzaji, akainua nyusi:
"Daktari, hapa hatuuzi nyama."
Najua. Nyamaza, nishikie hiki kikapu.

Hapa Punta Arenas upepo haubishi hodi.
Mwezi jana uling'oa mlango wa gari langu,
ukautupa ng'ambo ya uzio kama kifuniko cha sufuria,
na kompyuta yangu ya zamani, iliyokuwa kitini, ikaufuata.
Bawaba moja ilibaki ikining'inia
kama sikio la mbwa aliyepigana.
Vyeti vya chanjo vya kondoo mia nane
niliviandika kioo kikiwa kimeegemea chupa ya dawa ya minyoo.

Basi nikapima.
Ya kwanza: nyeusi, pembe kali,
taa nyekundu chini ya vitufe kama mdomo wa tanuri.
Kilo tatu kasoro, na chaja yake
tofali la kujengea.
Kondoo njiti ana uzito huo, nikamwambia Yerko,
lakini yeye angalau kesho atatembea mwenyewe.

Ya pili: nyembamba kama kaki, kilo moja na ushei.
Nikaubonyeza mgongo wake kwa kidole gumba.
Ukabonyea, ukalia.
Nikairudisha taratibu, kama mtu arudishavyo kikombe cha wenyewe.

Ya tatu imewahi kuangushwa, kumwagiwa chai, kuzikwa mchangani.
"Hii haifi," akasema.
Inacheza?
Akatazama dari.

Mshika mbili, moja humponyoka.
Aliyesema hayo hakuwahi kumzalisha kondoo mapacha
usiku wa Oktoba,
mkono mmoja ndani, mwingine umeshika tochi.

Sikumweleza Yerko habari za Nahuel.
Kaka yangu analisha samaki wa kufugwa
kwenye hori za Aysén,
siku ishirini majini, kumi nchi kavu.
Simu hapokei. Akipokea ni "ndiyo", ni "sawa", ni "baridi".
Lakini Jumapili saa nne usiku
tunalinda daraja moja la mawe, yeye na mimi,
majitu yanakuja, hayaishi,
na hapo ndipo ulimi wake hufunguka:
"Nyuma yako, Millaray! Kushoto! Umekula?"

Umekula.
Katikati ya mishale.
Ni pale darajani nilipojua kwamba ameacha pombe.
Ni pale aliponiuliza, akijaza podo lake,
kama kaburi la baba limeshawekewa uzio.

Hilo nitalipimaje kwa ndoano?

Ya nne ilikuwa nyuma ya kabati, boksi limebonyea kona,
rangi ya kijivu, haina taa, haina majivuno.
Kilo moja na robo tatu. Bawaba za chuma.
Nikaishika ncha moja nikainyanyua:
haikulalamika.
Yerko akafungua mchezo wenye moshi mwingi na farasi,
feni ikaanza kuvuma,
nami nikaisikiliza kifua kwa stethoskopu
(ilikuwa shingoni tangu asubuhi, nifanyeje?).
"Anapumua vizuri," nikasema.
Yerko akacheka, akapunguza peso elfu thelathini,
kwa sababu ya boksi, alisema, si kwa sababu yangu.

Betri ni saa sita, si kumi kama ilivyoandikwa.
Juani kioo chake hugeuka kioo cha kujitazamia.
Kumbukumbu nitaiongeza nikilipwa deni la chanjo,
yaani sijui lini.

Nje upepo ulikuwa ukinisubiri.
Safari hii sikumwamini kiti.
Niliipakata ndani ya koti, zipu hadi kidevuni,
kama ninavyowapakata waliozaliwa kabla ya siku zao,
nikaenda garini kimgongomgongo,
mkono mmoja kwenye mlango, mwingine kifuani.

Leo ni Alhamisi tu.